Daftari la Tiro Lisomwapo Tabora

Ukifungua sura ya 27 ya kitabu cha Ezekieli utadhani umeshika daftari la mfanyabiashara. Fedha, chuma, bati na risasi zinatoka Tarshishi. Farasi na nyumbu wanatoka Togarma. Zinatajwa pembe za ndovu na mpingo, kondoo na mbuzi wa Kedari, manukato na dhahabu ya Sheba. Kila nchi imeandikwa pamoja na bidhaa zake, kwa utulivu wa karani anayekagua ghala. Na humo ndani ya orodha, pasipo karani huyo kupandisha sauti, wanatajwa wanadamu. Wamewekwa sambamba na vyombo vya shaba, kisha orodha inaendelea na farasi.

Daftari hilo ni wimbo wa msiba. Nabii anauombolezea mji wa Tiro, bandari tajiri ya Wafoinike, na anauombolezea ungali hai, meli zake ziko baharini na masoko yake yamejaa. Anaupa umbo la merikebu: mbao za miberoshi ya Seniri, mlingoti wa mwerezi wa Lebanoni, makasia ya mialoni ya Bashani, sitaha iliyotiwa nakshi ya pembe, tanga la kitani cha Misri. Merikebu inapakiwa mpaka inalemewa. Halafu upepo wa mashariki unaivunja katikati ya bahari, na kila kilichotajwa, bidhaa na mabaharia na wafanyabiashara, kinakwenda chini pamoja nayo.

Wahubiri wengi huiruka sura hii. Majina ya miji ni mengi, na fundisho halionekani upesi. Lakini kama kuna mahali ambapo haifai kurukwa, ni Tabora. Wasomaji wa nchi nyingine huhitaji maelezo marefu ili waelewe pembe, asali, vitambaa na watu viliwezaje kuwa mzigo wa biashara moja. Mtu wa Tabora amezaliwa juu ya njia ambayo mizigo hiyo ilipita.

Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, ikaendelea kupitia Uvinza mpaka Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Tabora, ambayo wasafiri Burton na Speke waliijua kwa jina la Kazeh, ilikuwa kitovu chake: hapo njia ziligawanyika, moja ikienda Ziwa Tanganyika na nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Zilizopanda kutoka pwani zilikuwa merikani, kaniki, ushanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Iliyoshuka ilikuwa hasa pembe, ikipimwa kwa frasila, kipimo cha kilo zipatazo 16. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, aliacha masimulizi ya maisha yake kwa Kiswahili, na masimulizi hayo yamejaa hesabu za frasila. Watumwa na mateka nao wamo, wakitajwa kama jambo la kawaida la kazi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo husahaulika hata na wenyeji. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, mabingwa wa safari wenye taratibu zao za kambi, viongozi wao na sifa yao, na walijua kugoma msafara ulipowadhulumu. Picha ya kwamba kila pembe ilibebwa na mtumwa si sahihi. Lakini watumwa walikuwapo, tena wengi, wakiwa na kongwa au mnyororo shingoni. Wengine walitoka Manyema na nchi za magharibi ya ziwa, na baadhi yao walibakizwa Unyanyembe kulima mashamba ya wafanyabiashara na ya wakubwa wa nchi. Kazi ya halali na biashara ya watu zilitembea katika njia moja, zikalala kambi moja, zikalipa hongo ile ile, yaani ushuru wa kupita, Ugogo. Na ndivyo ilivyo katika Ezekieli 27. Nabii hasemi kwamba kuuza ngano ni dhambi. Anaiweka ngano na watu katika daftari moja, kisha anaizamisha merikebu yote.

Kuna mstari mmoja wa sura hiyo ambao ningependa kila mwalimu wa dini ausome mara mbili. Kati ya washirika wa biashara wa Tiro, Ezekieli anaitaja Yuda na nchi ya Israeli, pamoja na ngano yao, asali yao, mafuta yao na zeri yao. Ezekieli alikuwa mtu wa Yuda, wa ukoo wa makuhani, aliyehamishiwa Babeli mwaka 597 KK pamoja na mfalme Yehoyakini. Angeweza kuwaacha ndugu zake nje ya daftari. Hakuwaacha. Asali ya kwao imo ndani ya merikebu inayozama.

Hapo ndipo ninapotaka kumfikisha msomaji. Lugha ya picha ya manabii wa Kiebrania, pamoja na hukumu kali iliyomo, haikutungwa ili kuficha ratiba ya mambo ya baadaye. Ilitungwa ili msikilizaji atoe hukumu kwa kinywa chake, kisha aone kwamba aliyehukumiwa ni yeye. Nathani alimsimulia mfalme Daudi habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira, akatamka hukumu ya kifo, asijue kwamba anajihukumu mwenyewe. Isaya, katika sura ya 5, alianza na wimbo mtamu wa shamba la mizabibu, akawaomba watu wa Yerusalemu waamue kati ya mwenye shamba na shamba lake. Walipokuwa bado wanapima, akawaambia kwamba shamba ni wao. Ukimvua nabii picha zake ukabaki na laana peke yake, umempoteza, kwa sababu picha ndiyo mlango anaopitia kuingia ndani ya dhamiri iliyofungwa.

Aliyeitumia njia hii kwa ustadi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Amosi. Alikuwa mfugaji wa Tekoa, kusini ya Yerusalemu, na mtunza mikuyu. Na mkuyu ule ni mti ule ule unaoota kando ya mito ya Tanzania. Karibu mwaka 760 KK alivuka mpaka akaenda ufalme wa kaskazini, Israeli, enzi ya Yeroboamu wa Pili, nchi ikiwa na amani na wakubwa wake wakiwa na fedha. Hakuanza kwa kuwashtaki wenyeji wake. Alianza na majirani. Dameski, kwa ukatili wake Gileadi. Gaza, kwa kuwachukua mateka watu wa jamii nzima na kuwatia mikononi mwa Edomu. Tiro, kwa kosa hilo hilo, huku ikisahau agano la undugu. Kisha Edomu, Amoni na Moabu.

Ukiyaweka majina hayo kwenye ramani utaona yanaizunguka Israeli pande zote. Mtu aliyesimama Betheli akisikiliza alikuwa na sababu ya kuitikia kila shtaka, maana waliotajwa ni maadui aliowajua, na makosa yao alikuwa ameyaona au ameyasikia kwa wazee. Hata Yuda ilipotajwa, ya saba, hakuona shida. Wayuda walikuwa ndugu, lakini ndugu wa upande wa pili wa mpaka. Ndipo Amosi akamgeukia yeye. Shtaka la Israeli ni refu kuliko yote yaliyotangulia, na neno lake la kwanza ni kwamba humu nyumbani mwenye haki anauzwa kwa fedha, na maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Kosa la Gaza, kuuza watu, limekutwa kwenye ua wa msikilizaji. Yeye mwenyewe ameshaitikia mara saba kwamba kosa la namna hiyo linastahili moto.

Pembe nazo zimo katika kitabu hicho. Amosi anatangaza kuangamia kwa nyumba za pembe, na anawataja kwa uchungu wale wanaojinyoosha juu ya vitanda vya pembe pasipo kuhuzunika kwa kuvunjika kwa taifa lao. Maneno hayo yangeweza kudhaniwa ni mapambo ya kishairi. Lakini kati ya 1931 na 1935 msafara wa wachimbaji ulioongozwa na John Crowfoot ulifukua ngome ya wafalme huko Samaria na kupata mamia ya vipande vya pembe vilivyochongwa, vya kupambia samani, kwa mtindo wa Kifoinike, yaani wa mafundi wa Tiro na jirani zake. Amosi alikuwa anataja vitanda halisi. Alijua chumba walimolala walioviagiza, na alijua ni nani aliyelipa gharama.

Pembe za Unyanyembe zilikwenda wapi? Nyingi zilifika Zanzibar, na kutoka Zanzibar sehemu kubwa ilinunuliwa na Wamarekani. Katika jimbo la Connecticut, vijiji vya Deep River na Ivoryton viliishi kwa kukata pembe kuwa vibao vya kupigia piano, vitana na mipira ya biliadi. Meli zilizokwenda kuchukua pembe zilikuwa zimeleta merikani, na ndiyo maana kitambaa kile kikaitwa hivyo. Baadhi ya wenye viwanda hivyo walikuwa wacha Mungu waliopinga utumwa nchini mwao kwa moyo wote, na hakuna shaka kwamba tenzi za kanisa zilipigwa juu ya vinanda vyao. Vidole vilivyocheza tenzi hizo vilikuwa vinagusa pembe iliyoshuka hadi pwani begani mwa mtu. Amosi, aliyesema kwamba Mungu amechoka na kelele za nyimbo na sauti ya vinanda pasipo haki, angeielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Lakini Amosi haniruhusu kuishia Connecticut, wala Zanzibar, wala Muskati. Biashara ya Unyanyembe haikupita juu ya vichwa vya wenyeji. Watemi waliitoza kodi na kushiriki faida yake. Baba yake Tippu Tip alimwoa Karunde, mwanamke wa nyumba ya utemi ya Fundikira, na ndoa hiyo ilifungua milango ya biashara. Watu waliouzwa waliuzwa na mtu fulani, na mara nyingi muuzaji wa kwanza alikuwa jirani mwenye vita, deni au njaa. Tunapoisimulia njia ya misafara kwa watoto wetu, aghalabu tunasimulia sura ya kwanza ya Amosi: makosa ya Gaza na makosa ya Tiro. Makosa hayo ni ya kweli, yanastahili kusimuliwa kwa majina yake. Ila kitabu kina sura ya pili.

Manabii hawakuishia kwenye maneno. Walitumia na miili yao. Isaya alitembea uchi na bila viatu, miaka mitatu, kuonyesha jinsi mateka wa Misri na Kushi watakavyoongozwa na mfalme wa Ashuru. Yeremia alijivika shingoni nira ya mbao, ile ya ng'ombe, akasimama mbele ya mfalme Sedekia na wajumbe wa Edomu, Moabu, Amoni, Tiro na Sidoni waliokuja Yerusalemu. Nabii mwenzake, Hanania, aliivunja nira hiyo mbele za watu na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili uhamisho utakwisha. Watu walipenda zaidi kumwamini Hanania, na sielewi ni nani angewalaumu. Yeremia alikwenda zake kwanza, bila kubishana. Baadaye akarudi na neno kwamba nira ya mti imevunjwa ili ije nira ya chuma.

Kwa Ezekieli alama ilikuwa mzigo. Katika sura ya 12 anaagizwa afungashe vitu vyake mchana, watu wakimtazama, kama mtu anayekwenda uhamishoni. Jioni atoboe ukuta, autie mzigo begani, atoke gizani uso ukiwa umefunikwa. Majirani wanauliza anafanya nini, na jibu ni kwamba yeye ni ishara kwao: yaliyompata yeye yatawapata watu wa Yerusalemu na mkuu wao. Wasikilizaji wake walikuwa wahamishwa wenzake kando ya mto Kebari, watu waliokwisha kubeba mizigo ya namna hiyo. Hawakuhitaji kufafanuliwa. Tunajua pia jinsi safari hizo zilivyoonekana kwa macho ya mshindi. Mfalme Senakeribu wa Ashuru alipouteka mji wa Lakishi mwaka 701 KK aliagiza tukio hilo lichongwe kwenye kuta za jumba lake Ninawi, na mawe hayo yako leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Wamo wanaume wenye mifuko mabegani, wanawake, na watoto waliopakiwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe.

Kitabu cha Ezra kinasema safari ya kurudi kutoka Babeli hadi Yerusalemu ilichukua miezi minne kamili. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh Novemba 7, miezi minne na kidogo. Nimeiweka tarehe hiyo hapa kwa makusudi. Wasomaji wa miji mikubwa hudhani uhamisho wa Babeli ni neno la kiroho, hali ya moyo iliyo mbali na Mungu. Ulikuwa kwanza miguu, miezi minne ya miguu, na mtu wa Tabora anaweza kuupima kwa njia anayoijua: ni kama kutoka hapa hadi baharini, ukiwa huna hakika ya kurudi.

Picha nyingine inayosomeka vizuri hapa kuliko mahali pengi ni nzige wa Yoeli. Yoeli anaeleza baa la nzige kwa namna ambayo msomaji hajui kama anaona wadudu au jeshi: wanakimbia kama farasi wa vita, wanavuma kama moto unaokula mabua makavu, wanapanda kuta, wanaingia madirishani. Mbele yao nchi ni bustani ya Edeni, nyuma yao ni jangwa. Kuna wafasiri wanaotafuta nchi gani ya leo ndiyo jeshi hilo, na aina gani ya silaha ndiyo mabawa hayo. Wangeketi na wazee wa nchi hii kwanza. Bonde la Malagarasi na mbuga za Wembere, pamoja na bonde la Rukwa, ni miongoni mwa mazalio makuu ya nzige wekundu barani Afrika. Katika baa lililoanza kuelekea 1930 na kudumu hadi katikati ya miaka ya 1940, makundi ya nzige hao yalienea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa ikweta.

Nzige mwekundu akiwa peke yake ni panzi wa kawaida tu. Mvua zinapokuja na nyasi za mbugani zinapoota, mayai huanguliwa. Wakisongamana, tabia na hata umbo lao hubadilika, wanaanza kwenda pamoja, na wakishaota mabawa wanaondoka kama mwili mmoja. Aliyewaona anasema jeshi kwa sababu ndivyo walivyo. Yoeli hakuficha habari za vifaru ndani ya wadudu. Alichukua msiba ambao kila mkulima aliujua mwilini mwake, akasema: siku ya Bwana iko karibu hivi, nayo haina mlango unaoweza kuufunga. Kisha, jambo ambalo wafasiri wa silaha hulipita, akawaita wazee, watoto wanyonyao na bwana arusi chumbani mwake waje wafunge pamoja, maana Mungu huyo ni mwenye huruma na huenda akageuka.

Vivyo hivyo jua kutiwa giza na nyota kuacha kuangaza. Katika Isaya 13 maneno hayo yametamkwa juu ya Babeli, na Wamedi wametajwa kwa jina kuwa ndio watakaokuja. Babeli iliingiwa na majeshi ya Koreshi wa Uajemi mwaka 539 KK. Kumbukumbu za Kibabeli zenyewe zinasema waliingia bila vita. Jua lilichomoza kesho yake. Hakuna nabii aliyeona haya kwa hilo, wala wanafunzi wake hawakuifuta sura hiyo. Himaya iliyojiita tegemeo la ulimwengu ikianguka, mbingu yake imeanguka, na Kiebrania kilikuwa na lugha ya kusema hivyo. Inanihuzunisha kila ninapoona waumini wetu wakitishwa kwa picha hizi kila mwezi unapopatwa, kila tetemeko linapotokea, wengine wakauza mashamba yao kwa kuwa wameambiwa tarehe. Huo ni ukatili unaofanywa kwa jina la watu waliokufa wakipinga ukatili.

Isaya ana jambo jingine linalogusa historia ya Unyamwezi kwa karibu. Katika sura ya 10 anaiita Ashuru fimbo ya hasira ya Mungu. Mungu ameitumia kuwaadhibu watu wake. Lakini fimbo hiyo inajivuna, inadhani nguvu ni zake, inakusudia kuangamiza tu. Basi Isaya anauliza kama shoka linaweza kujikweza juu ya anayelishika, na anaitangazia fimbo hukumu yake. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliufunga mlango wa njia ya Ujiji na kuuvamia mji wa Tabora. Sehemu yake iliteketezwa, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa wafanyabiashara, aliuawa. Mhubiri anaweza kushawishika kusema kwamba Mirambo alikuwa fimbo juu ya mji wa pembe. Asiseme nusu. Ruga-ruga, askari wa Mirambo, nao walichoma vijiji na kuchukua mateka. Mirambo alifariki Desemba 1884 na milki yake haikudumu. Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince waliivunja ngome ya mtemi Isike wa hapa, naye akajilipua kwa baruti yake. Nao Wajerumani walinyang'anywa mji huu na majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo mnamo Septemba 1916. Mimi sidai kujua ni nani alikuwa fimbo ya nani. Ninachojua ni kwamba Isaya hakumpa mshindi yeyote cheti cha utakatifu, na msomaji wa Isaya hana ruhusa ya kumpa.

Turudi Tiro, maana hadithi yake ina mwisho ambao wengi hawausomi. Ezekieli alikuwa amesema, katika sura ya 26, kwamba Nebukadreza wa Babeli atauvunja mji huo na kuteka utajiri wake. Nebukadreza aliuzingira, na mwanahistoria Yosefo anasema kuzingirwa huko kulichukua miaka 13. Mji haukutekwa kama ilivyotazamiwa. Alexander wa Makedonia ndiye aliyeuvunja, mwaka 332 KK, karibu karne mbili na nusu baadaye. Sasa fungua Ezekieli 29, kwenye unabii ambao tarehe yake inaangukia 571 KK, wa mwisho kwa tarehe katika kitabu chote. Nabii mwenyewe anakiri kwamba jeshi la Babeli limefanya kazi kubwa juu ya Tiro bila kupata ujira wowote. Anasema kila kichwa kimeota upara na kila bega limechubuka.

Hilo ni bega la mpagazi. Watu wa Unyamwezi walilijua: sugu inayoota pale mzigo wa kilo 30 na zaidi unapokaa siku baada ya siku. Nabii aliyeanza kwa kuorodhesha mizigo ya Tiro anamaliza kwa kuona alama ya mzigo kwenye ngozi ya askari wa adui, tena askari ambaye hakulipwa. Na yeye na waliotunza kitabu chake waliacha sura zote mbili, ya 26 na ya 29, zikae pamoja bila kusahihisha ya kwanza. Kwa anayetaka ratiba hili ni tatizo. Kwa anayetaka kujua unabii ni nini, ni msaada mkubwa kuliko fasiri nyingi. Yeremia alikwisha kulieleza katika sura ya 18, nyumbani kwa mfinyanzi: Mungu akitangaza kulivunja taifa, nalo likageuka, hulighairi lile alilotangaza, akitangaza kulijenga, nalo likatenda uovu, hughairi vilevile. Yona alitangaza siku 40 kwa Ninawi, mji ukatubu, mji ukapona, nabii akakasirika. Waislamu wa Tabora wanaijua habari hiyo kwa Nabii Yunus, ambaye watu wake wametajwa katika Kurani kuwa waliamini wakaondolewa adhabu. Hukumu inayotangazwa mapema imetangazwa kwa sababu mlango haujafungwa.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Tanganyika ilisubiri hadi 1922 kupata sheria ya kuufuta utumwa moja kwa moja, na wapo Watanzania wanaoishi leo ambao babu au bibi zao walizaliwa kabla ya sheria hiyo. Asali bado inatoka Tabora. Pembe haziuzwi tena kihalali, na mahali pake imeshika tumbaku. Kazi za watoto katika mashamba ya tumbaku ya Urambo na Sikonge zimechunguzwa na kuandikwa kwa miaka mingi sasa. Tumbaku hiyo nayo inasafiri mbali na kuwastarehesha watu wasiojua imepita mikono ya nani.

Kwa hiyo nina ombi kwa mapadre, wachungaji, makatekista na walimu wa dini wa mkoa huu. Mkiwapeleka vijana kwenye tembe la Kwihara, ambako Livingstone alikaa miezi mingi ya 1872 akisubiri wapagazi, msiwasimulie habari za mzungu huyo tu. Wasomeeni Ezekieli 27 papo hapo, orodha yote, pamoja na mstari unaoitaja Yuda. Na mkisoma Amosi kanisani, msiishie kwenye makosa ya Gaza. Endeleeni hadi sura ya pili, mstari wa sita, kisha waulizeni waumini ni nani anayeuzwa kwa bei ya viatu katika kata yao, na muwape muda wa kujibu.